Paja halisomi ratiba ya ligi

Winga kapewa pasi ndefu, kampita beki, uwanja mzima umesimama. Mita ishirini kabla ya boksi anashtuka, anashika nyuma ya paja kama mtu aliyepigwa jiwe, anachechemea hatua tatu na kukaa chini. Hakuna aliyemgusa. Jukwaani wanaanza: "Inuka bwana, acha kudeka!" Daktari wa timu anakuja na kopo lake la baridi, anapuliza, winga anasimama, anajaribu kukimbia, anakaa tena. Machela.

Kuanzia kesho yake swali ni moja tu, redioni, mitandaoni na vijiweni: anarudi lini? Anawahi mechi ya Jumamosi au hawahi? Kocha anaulizwa, msemaji wa klabu anaulizwa, na mara nyingi jibu linatolewa kwa kuangalia tarehe ya mechi, si hali ya msuli. Hapo ndipo soka la Tanzania linapojiumiza lenyewe. Msuli uliochanika hauna habari na dabi. Unapona kwa utaratibu wake, na utaratibu huo unajulikana miaka mingi sasa. Anayelipia haraka ya mabosi ni yuleyule aliyebebwa kwenye machela.

Tuanze na kilichomo ndani ya mguu, kwa sababu ubishi mwingi wa vijiweni unatokana na watu kudhani paja ni nyama moja tu.

Mbele ya paja kuna misuli minne mikubwa inayoungana juu ya goti. Kazi yake ni kunyoosha goti. Ndiyo inayopiga shuti, inayoruka kugombea kona, inayomwinua mtu kutoka kwenye kiti. Mmoja kati ya hiyo minne unaanzia juu kwenye nyonga na kupita viungo viwili, nyonga na goti, ndiyo maana wapiga mashuti ya mbali na makipa wenye mpira mrefu huumia huo zaidi kuliko mitatu mingine. Upande wa ndani, kuelekea kinenani, lipo kundi linalovuta mguu kuja katikati. Wanaogeuka ghafla na kupiga pasi za ndani ya mguu kutwa nzima wanaijua shughuli yake. Maumivu ya kinena yamewakalisha wengi. Chini, nyuma ya muundi, kuna kigimbi, ambacho nacho ni tabaka mbili: msuli wa juu wenye vichwa viwili, ule unaoonekana ukituna, na mwingine bapa chini yake unaofanya kazi kimyakimya hata mtu akiwa amesimama tu kwenye foleni ya tiketi. Yote miwili inaishia kwenye kano moja nene nyuma ya kisigino, kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Na kwenye makalio ndipo ulipo msuli mkubwa kuliko wote wa binadamu.

Sasa nyuma ya paja, penye kesi yenyewe. Huko kuna misuli mitatu. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaogusa benchi mtu akiketi, inashuka mpaka chini ya goti, miwili upande wa ndani na mmoja upande wa nje. Ule wa nje una vichwa viwili: kirefu, kinachotoka juu pamoja na wenzake, na kifupi, kinachoanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe. Ukikaa, ukakunja goti na kupeleka mkono nyuma yake, utazigusa kamba ngumu huku na huku. Hizo ni kano za misuli hiyo.

Vitabu vitasema kazi yake ni kukunja goti na kuvuta paja kwenda nyuma. Ni kweli, lakini kwa mchezaji wa mpira kazi yake ngumu zaidi ni kufunga breki. Mwangalie mkimbiaji kwenye marudio ya taratibu ya televisheni. Mguu unarushwa mbele, goti linanyooka, kisigino kinaelekea chini. Kabla tu ya unyayo kugusa nyasi, misuli ya nyuma inatakiwa kuusimamisha muundi ambao umerushwa kwa nguvu zote, na wakati huo huo yenyewe inavutwa pande zote mbili: juu nyonga imekunjwa, chini goti linanyooka. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Halafu hapohapo igeuke iuvute mwili mbele. Ni dakika hiyo ambapo kile kichwa kirefu cha msuli wa nje huchanika, kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyuma ya paja.

Dereva wa lori anayeshuka Kitonga analielewa jambo hili bila kufundishwa. Kilima kile hakitaki injini, kinataka breki. Vijana wengi wanafanya mazoezi ya injini: wanapiga mashuti mia, wanaruka, wanachuchumaa na vyuma mabegani, paja la mbele linajaa mpaka bukta inabana. Nyuma hakuna kitu. Kisha wanashushwa Kitonga dakika ya 85.

Kwa nini kuvutwa kuwe kubaya kuliko kuvuta? Jibu liko kwenye nyama yenyewe. Msuli unaoshika mifupa ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani ya seli hiyo kuna nyuzi nyingine ndogo mno za protini, aktini na mayosini, zimepangwa kwa kupishana. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, katika moja akiwemo Andrew Huxley na katika jingine Hugh Huxley (majina yanafanana, si ndugu), yalionyesha katika toleo moja la jarida la Nature kwamba msuli ukijikunja nyuzi hizo hazifupiki. Zinateleza, moja inaingia katikati ya nyingine. Ubongo unatuma amri kupitia neva, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, na vijimkono vya mayosini vinaushika uzi wa aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele zaidi. Ni kama wavuvi wanavyovuta wavu ufukweni, mkono baada ya mkono.

Fikiria wavuvi hao wameushika wavu barabara, halafu wimbi linauvuta kurudi baharini. Hawaachii, lakini wanaburutwa. Mikono inachubuka, kamba inakatika pale palipo dhaifu. Hivyo ndivyo msuli wa nyuma ya paja unavyofanya kazi kwenye mbio kali: unavuta huku unarefushwa. Na palipo dhaifu zaidi ni pale nyama inapoungana na kano.

Mambo mawili ya kuongezea hapo. Msuli unajua kuvuta tu, haujui kusukuma, kwa hiyo kila msuli una mpinzani wake upande wa pili wa mfupa, na mmoja akizidiwa sana na mwenzake mambo yanaharibika. La pili, nyuzi haziko sawa. Zipo za taratibu, zisizochoka haraka, na zipo za kasi, zenye nguvu ya ghafla lakini zinazochoka upesi. Ndiyo maana winga yuleyule aliyewaka dakika ya kumi anaonekana mzito dakika ya themanini. Takwimu za klabu za Uingereza ziliwahi kuonyesha kuwa majeraha haya huongezeka kuelekea mwisho wa kila kipindi. Kocha anayembakiza mchezaji aliyechoka kwa sababu tu "ana mbio" anacheza kamari na nyuzi hizo.

Kuna mkanganyiko wa kuondoa hapa: kubanwa misuli siyo kuchanika. Kubanwa ni ule mkakamao wa kigimbi dakika za nyongeza, msuli umejikunja ukakataa kuachia. Mwenzako akikusukuma vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, unaachia, mnaendelea. Kuchanika hakuachii. Tatizo ni kwamba dakika ya kwanza vinaweza kufanana. Agosti 2017 jijini London, Usain Bolt alianguka kwenye mbio za mwisho za maisha yake, kupokezana vijiti mita 100 mara nne. Taarifa ya awali ikasema amebanwa misuli. Baadaye vipimo vikaonyesha amechanika nyuma ya paja la kushoto, palepale nyama inapokutana na kano. Ikiwa binadamu mwenye mbio kuliko wote duniani, mwenye madaktari pembeni, aliweza kutambuliwa vibaya mwanzoni, basi lile kopo la baridi kwenye uwanja wa mkoani lisipewe kazi ya kutoa hukumu. Kopo hilo linagandisha ngozi tu. Halifiki kwenye nyuzi.

Baada ya kuchanika, mwili unaanza matengenezo bila kumsubiri kocha. Kwanza damu inavuja na eneo linavimba. Siku zinazofuata seli za ulinzi zinasafisha nyuzi zilizokufa. Kisha zinaamka seli maalumu zilizolala pembeni mwa kila uzi wa msuli, zilizogunduliwa na Alexander Mauro mwaka 1961, zinagawanyika na kuungana kujenga nyuzi mpya. Sambamba na hizo, mwili unaweka kovu, kama fundi anayeziba ufa kwa saruji ili nyumba isimame kwanza. Kovu halivuti kama msuli wala halinyumbuliki kama msuli. Kwa wiki kadhaa paja linakuwa na kiraka.

Sasa sikia balaa lilipo. Maumivu huondoka mapema kuliko nguvu inavyorudi. Mchezaji anaamka siku ya kumi, anatembea vizuri, anapanda ngazi, anapiga danadana, anasema kweli kabisa kwamba hasikii kitu. Hadanganyi. Lakini kutembea hakuombi breki za Kitonga. Mbio za kufukuzia mpira wa nyuma ya mabeki ndizo zinazoziomba, na mara ya kwanza kuombwa ni kwenye mechi, mbele ya mashabiki elfu.

Takwimu za hili zipo, na si za kubahatisha. Utafiti wa majeraha wa UEFA kwenye klabu kubwa za Ulaya ulianza msimu wa 2001/02. Wakati huo majeraha ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 yalifika asilimia 24, yaani mara mbili. Asilimia 18 yalikuwa ya kurudia, na katika hayo ya kurudia zaidi ya theluthi mbili yalitokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji arudi uwanjani. Hizo ni klabu zenye mashine za MRI, mabwawa ya tiba na wapishi. Zenyewe zinashindwa.

Mfano unaouma zaidi ni wa Diego Costa. Mei 17, 2014 alitolewa mapema kwenye mechi ya Barcelona iliyowapa Atletico Madrid ubingwa wa Hispania. Nyuma ya paja. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa wiki moja tu mbele, Mei 24 mjini Lisbon, dhidi ya Real Madrid. Mbio zikaanza. Mchezaji akapelekwa Belgrade kutibiwa kwa dawa ya kondo la nyuma la farasi, dunia nzima ikaisimulia hiyo tiba. Siku ikafika, Costa akaanza. Dakika ya tisa akatoka.

Watu hukumbuka kichwa cha Sergio Ramos dakika ya 93 kilichosawazisha, wanasahau ile dakika ya tisa. Enzi hizo mabadiliko yalikuwa matatu tu, na Diego Simeone alishachoma moja kabla jasho halijatoka. Kwenye dakika 30 za nyongeza beki wake wa kulia, Juanfran, alikuwa anachechemea waziwazi na hakuna wa kumwingiza, nafasi zimekwisha. Real wakafunga matatu ndani ya dakika kumi za mwisho, ikaisha 4-1. Simeone mwenyewe baada ya mechi alisema lawama za kumpanga Costa ni zake. Uungwana huo ulikuwa mzuri, ila kombe lilikwenda.

Wanaosema "bora nusu ya straika wetu kuliko mzima wa benchi" waitazame tena mechi ile. Nusu ya straika iligharimu mabadiliko mazima.

Halafu kuna gharama isiyoonekana siku hiyo. Michael Owen alikuwa na miaka 19 Aprili 1999 alipochanika nyuma ya paja akifukuzia mpira Elland Road dhidi ya Leeds. Mwaka mmoja kabla alikuwa amewakimbiza Argentina kwenye Kombe la Dunia. Aliendelea kufunga, na mwaka 2001 akachukua Ballon d'Or, kwa hiyo kwa juujuu mtu angesema alipona. Owen mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakuwahi kuwa yule wa kwanza, ile gia ya mwisho ilibaki Leeds. Februari 2010 akiwa Manchester United alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi, akatoka kabla ya mapumziko, nyuma ya paja tena, msimu ukaishia hapo. Miaka kumi na moja baadaye. Jeraha la zamani ndilo dalili kubwa kuliko zote ya jeraha jipya. Mtafiti yeyote wa eneo hili atalisema hilo kwanza.

Hata Kevin De Bruyne, katika klabu tajiri ya Manchester City, alitolewa dakika ya 36 ya fainali ya Istanbul Juni 2023 baada ya kuvumilia paja kwa wiki kadhaa. Agosti, mechi ya kwanza ya ligi mpya dhidi ya Burnley, likaondoka tena. Akafanyiwa upasuaji, akarudi Januari. Kombe walilipata, ndiyo. City lakini walikuwa na wa kumrithi De Bruyne kwenye benchi. Klabu ngapi za Ligi Kuu Bara zina mtu wa aina hiyo kwenye benchi?

Hapa nyumbani kuna desturi zinazofanya mambo yawe mabaya zaidi, na zinafanywa kwa nia njema. Mchezaji kachanika jioni, usiku huohuo anachuliwa kwa nguvu na maji ya moto na dawa ya kuchua mpaka machozi yanamtoka. Siku mbili za kwanza msuli unavuja damu ndani. Joto na kuchua kunaongeza kuvuja. Anachohitaji ni kupumzika, baridi, bandeji ya kubana kiasi na mguu uinuliwe. Kwa waliopigwa goti la paja la mbele ni hatari zaidi: nyama iliyopondwa ikichuliwa kwa nguvu mapema inaweza kuota mfupa ndani yake. Siyo hadithi, ni ugonjwa unaofahamika. Mchua misuli ana kazi kubwa kwenye timu, tena anaheshimika, ila zamu yake siyo usiku wa kwanza.

Desturi ya pili ni sindano. Sindano ya kutuliza maumivu haiungi uzi hata mmoja. Inazima king'ora huku nyumba inaungua. Mchezaji wa miaka 21 ambaye mkataba wake unaisha Juni hawezi kumkatalia bosi, na kila aliye kwenye chumba kile anajua hawezi.

Ya tatu ni kinyume chake, kulala tu. Kuna anayeambiwa akae nyumbani wiki sita, akakaa kweli, akarudi na paja lembamba na kovu lililojipanga ovyo. Nyuzi mpya zinajipanga vizuri zikipewa kazi ndogondogo inayoongezeka. Baada ya zile siku chache za mwanzo, kutembea, kisha baiskeli, kisha kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu. Kupumzika kupita kiasi na kuharakisha kupita kiasi vyote vinazaa jeraha la pili, ingawa ukweli usemwe, kinachoonekana mara nyingi hapa ni kuharakisha.

Na wala usipime jeraha kwa kelele za mchezaji. Carl Askling, mtafiti wa Sweden, aliwalinganisha wakimbiaji wa mbio fupi waliochanika wakiwa kasi na wacheza dansi waliochanika wakinyoosha mguu taratibu. Wakimbiaji ndio walioonekana kuumia vibaya siku ya kwanza. Lakini wao kwa wastani walirudi kwenye kiwango baada ya wiki 16, wachezadansi wiki 50. Beki aliyejinyoosha kuzuia krosi akasikia kitu kidogo tu juu kabisa, karibu na kalio, akamaliza mechi, huyo ndiye wa kuogopewa.

Kinachokera kuliko vyote ni kwamba kinga ipo na haina bei. Kuna zoezi linaloitwa Nordic. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika enka kwa nyuma, kisha anajiachia kwenda mbele taratibu, mgongo umenyooka, akijizuia kwa nyuma ya paja mpaka anaposhindwa na kudakia kwa mikono. Basi. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna kodi ya jimu. Ni kuufundisha msuli kufunga breki huku unarefuka. Denmark walilijaribu kwa wachezaji 942 wa timu 50, matokeo yakachapishwa 2011: waliofanya walipata majeraha ya nyuma ya paja 15, wasiofanya 52. Kwa wale waliokuwa wameshaumia zamani faida ilikuwa kubwa zaidi.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu aende Lagos. Timu 20 za vijana za ligi ya huko, wachezaji 416, ziligawanywa. Nusu zikatumia programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+, dakika kama 20, ambayo ndani yake lipo zoezi hilohilo, nusu zikaendelea na mazoea yao. Matokeo yakatoka 2014: majeraha yote yalipungua kwa asilimia 41, ya miguu kwa asilimia 48. Ni watoto wa Afrika kwenye viwanja vya Afrika.

Kwa nini basi hayafanyiki? Kwa sababu yanauma. Wiki mbili za kwanza mapaja yanawaka moto, wachezaji wananung'unika, kocha anaona wamekuwa wazito, linaachwa. Hata Ulaya lilisuasua. Uchunguzi kwa klabu za Ligi ya Mabingwa na za Norway uliochapishwa 2015 ulikuta zaidi ya asilimia 80 hazilifanyi inavyotakiwa. Dawa ya kuuma huko ni kuanza kidogo, mara tano tano kwa siku moja ya wiki ya kwanza, kuongeza polepole wakati wa maandalizi ya msimu, kisha kubaki na mara moja kwa wiki ligi ikianza, mwisho wa mazoezi na si kesho kuna mechi.

Ratiba yenyewe haiwezi kusamehewa. Timu inatoka Dar kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800 za kukaa kutwa juu ya mfupa ule ambao misuli ya nyuma ya paja inaanzia, inacheza, inarudi, kuna kiporo katikati ya wiki. Bodi ya Ligi ina yake ya kujibu hapo. Lakini klabu zisijifiche nyuma ya Bodi, kwa sababu uamuzi wa nani arudi lini haupangwi na Bodi.

Uamuzi huo uwe wa daktari, kwa maandishi, na vigezo vyake vijulikane kabla ya mtu kuumia: paja likibonyezwa haliumi, mguu unanyooka sawa na mwenzake, nguvu yake imekaribiana na ya mguu mzima, na mchezaji amekimbia kasi ya mwisho mazoezini, siku kadhaa, akiwa mbichi na akiwa amechoka, kabla ya kukimbia mbele ya jukwaa. Kisichotimia, hapangwi, hata kama ni dabi, hata kama mfadhili kapiga simu. Kocha anayepata kigugumizi hapo aonyeshwe dakika ya tisa ya Lisbon.

Kwa wachezaji wa ndondo na shule hakuna daktari wa kusaini chochote, na ndiko wanakotoka wachezaji wote. Kijana mwenye mbio anacheza timu ya shule asubuhi, timu ya mtaa jioni, na Jumapili kakodiwa na mtaa wa pili kwa nauli na soda. Akichanika anajiuguza kwa mafuta ya nazi. Fainali za AFCON 2027 zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na baadhi ya watakaovaa jezi hiyo leo wana umri aliokuwa nao Owen pale Leeds. TFF inaendesha kozi za leseni ya CAF D kwa makocha wa ngazi hiyo. Kipindi kimoja cha saa mbili kinatosha kuwafundisha FIFA 11+ nzima uwanjani, kwa vitendo, pamoja na jinsi ya kumshika mwenzako enka bila kumwachia. Walimu wa michezo wanaoandaa vijana kwa UMITASHUMTA na UMISSETA wanaweza kuwekwa kwenye kozi hiyohiyo. Kianze na kozi ijayo.